Gari likizima lenyewe kisha likawaka, msikimbilie spea: pimeni waya kwanza

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu barua za wasomaji kwenye ukurasa wenu wa magari, hasa zile za watu wanaofufua magari ya zamani nyumbani jioni jioni na wikiendi. Karibu kila mmoja analalamika kitu kile kile kwa maneno tofauti, gari linazima lenyewe halafu baada ya muda linawaka kama hakuna kilichotokea, au taa za upande mmoja zinafifia ikinyesha, au fyuzi inaungua leo halafu inakaa salama muda mrefu mpaka ushasahau, inaungua tena. Na ushauri anaopewa na kila anayemuuliza ni kubadilisha betri, akirudi anaambiwa altaneta (inayochaji betri injini ikizunguka), akirudi tena ni sensa, mwisho anaambiwa kontrol boksi (kompyuta ya gari) imekufa. Jamani hapana. Kosa la kuja na kuondoka kwenye gari la kufufua mara nyingi sana liko kwenye waya, kwenye ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), au pale waya inapokutana na soketi, na hapo spea hata ukinunua ya gari zima haisaidii kitu, inabidi utafute kwa mita (kifaa cha kupimia umeme) huku mkondo unapita.

Naomba nafasi nielezee vizuri kidogo, manake hii ishu inawakatisha watu tamaa mpaka wanauza gari walilolipenda na lililobakiza kidogo tu kukamilika, na inaniuma kweli.

Kwanza tuelewe haya magari yamepitia nini. Limekaa miaka, panya wametafuna waya, unyevu umeingia kwenye soketi, shaba imeota ule ukijani na ukijani hauishii kwenye ncha, unatambaa ndani ya ganda la waya sehemu ambayo jicho halioni. Halafu kila mwenye gari aliyepita aliongeza kitu chake, huyu redio, huyu alamu, yule taa za ukungu, na wengi wao walitumia vile viunganishi vya plastiki vya kubana ambavyo vinaikata waya katikati ili viunge, vinakata na baadhi ya nyuzi za shaba ndani na kuacha tundu la maji. Rangi za waya nazo hazina maana tena, unakuta waya nyekundu ni ethi na nyeusi ndo ya moto, yaani inayoleta umeme kutoka betri. Juu ya yote hayo unakuja wewe unalipiga gari rangi mpya nzuri, unapaka mpaka pale panapofungwa ethi. Hilo la rangi nitalirudia, ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mafundi wengi hawakisemi. Gari likizima, mtu wa kwanza kufika anafungua boneti anaanza kuchomoa soketi na kuzichomeka tena, anatikisa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), anakaza temino za betri, gari linawaka, watu wanashukuru. Kumbe hapo ameshafuta ushahidi wote. Kuchomoa na kuchomeka pini kunaikwangua ile kutu nyembamba na kuirudisha pini mahali pake, kwa hiyo panapona kwa muda, halafu panakufa tena ukiwa mbali na nyumbani na hakuna anayejua ni soketi ipi kati ya zile zote zilizochezewa. Ni kama mgonjwa ambaye homa inashuka akifika tu mlangoni kwa daktari. Kwa hiyo sheria yangu ni moja, kosa likiwepo usiguse kitu, chukua mita kwanza, pima volti mahali ilipo, ikiwezekana kwa kuingiza pini nyembamba kutoka nyuma ya soketi ikiwa bado imechomekwa. Ukishajua moto umeishia wapi ndo uchomoe sasa.

Na hapa kwenye kupima ndo wengi wanadanganywa na mita yenyewe. Mtu anachukua mita anaiweka kwenye omu (kipimo cha jinsi waya inavyozuia umeme), anapima waya kutoka mwanzo hadi mwisho, inasoma sifuri, anasema waya mzima. Mita ikiwa kwenye omu inapitisha mkondo mdogo mno, kiasi cha miliampia moja hivi au chini yake, kwa hiyo waya iliyokatika nyuzi zote ikabaki uzi mmoja tu wa shaba bado itasoma sifuri na bado mita italia vizuri tu. Mpe huo uzi mmoja kazi ya kubeba pampu ya mafuta au feni ndo utaona. Upande wa volti ni vile vile, mita ya kidijitali inanyonya mkondo kidogo sana kiasi kwamba hata ncha iliyooza itakuonyesha volti 12 kamili, mtu anaandika "moto unafika lakini pampu haifanyi kazi" ananunua pampu. Moto haukuwa unafika bwana, kilichofika ni kivuli cha moto. Ndo maana testa ya taa ya balbu, hasa yenye balbu ya wati 21, inaniambia ukweli haraka kuliko mita, kwa sababu ile balbu inavuta kama ampia 1.75, na ncha mbovu ikivutwa hivyo inajisema yenyewe, taa inafifia au haiwaki kabisa.

Njia yenyewe ya uhakika ni kupima volti zinazopotea njiani mzigo (kifaa kinachotumia umeme) ukiwa unafanya kazi. Unaweka mita kwenye volti, ncha moja mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya ile ile, unawasha kile kifaa, unasoma. Waya nzima ni kama haipo, inasoma sifuri na ushee. Upande wa ethi nikiona zaidi ya 0.2 naanza kutafuta, upande wa moto wenye swichi na fyuzi na soketi kadhaa naweza kuvumilia mpaka 0.5 hivi lakini siyo zaidi. Hesabu yake haihitaji shule kubwa, volti inayopotea ni ampia mara omu, kwa hiyo ncha yenye omu 0.1 tu ukiipitishia ampia 10 inakula volti 1 nzima, na taa za halojeni ukizipunguzia asilimia 10 ya volti zinapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Stata (mota inayozungusha injini iwake) ndo balaa zaidi, inavuta ampia 150 na zaidi, hapo omu 0.02 ambayo mita yako ya kawaida haiwezi hata kuiona inakula volti 3.

Hizo volti 3 nimeziona kwa macho. Jamaa yangu mmoja anafufua sedani ya zamani, bodi kaipiga rangi inang'aa mpaka ndani ya boneti, akafunga kila kitu kwa uangalifu, ikawa asubuhi stata inazunguka safi, injini ikishapata moto unageuza ufunguo unasikia tak moja na kimya. Alishabadilishiwa stata, akabadilishiwa na betri, fundi akaanza kumtajia swichi ya ufunguo. Tukaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya negativu ya betri, yaani kwenye ile risasi yenyewe na siyo kwenye klipu, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu akapiga stata, mita ikapanda juu ya 3. Halafu nikamwambia jaribu kushika kebo ya eksilereta, akaishika akaiachia hapo hapo, ilikuwa ya moto! Mkondo wa stata ulikosa njia ya kurudi kwenye betri ukajitafutia mwingine kupitia ile kebo nyembamba ya mguu, na kebo za namna hiyo zinaweza kuungua kabisa zikagandia ndani ya ganda lake. Tukafungua ule mkanda wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, upande wa bodi kijicho chake (kile kipete cha chuma kinachopitisha bolti) kimekaa juu ya rangi mpya, nzuri, nene, bila alama hata moja ya chuma. Mkondo wote ulikuwa unategemea nyuzi za bolti. Tukakwangua duara la ukubwa wa kijicho mpaka chuma kikang'aa, tukafunga tukakaza, tukapaka grisi juu baada ya kukaza ili isiote kutu, mita ikashuka chini ya 0.2 na stata ikapiga injini ikiwa ya moto vile vile kama asubuhi. Hakuna spea iliyonunuliwa siku hiyo.

Kwa hiyo kila anayepiga gari rangi namuomba, kabla hujafunga kitu chochote cha umeme zunguka gari lote kwenye sehemu za ethi, nyuma ya taa kubwa, ndani ya buti, chini ya dashibodi, kwenye giaboksi, kwangua kila moja. Na ukiona kituko kama unawasha indiketa na taa ya nyuma inapepesa pamoja nayo, au unakanyaga breki na taa ndogo za dashibodi zinawaka kidogo, usianze kufungua swichi, nenda kwenye ethi ya hiyo kona, manake umeme uliokosa njia ya kurudi unarudi kupitia balbu ya jirani.

Fyuzi inayoungua mara moja moja nayo ina dawa yake, na inashangaza jinsi watu wanavyomaliza pakti za fyuzi, wengine wanaweka ya ampia 30 mahali pa 10 ili "isisumbue". Ndugu zangu, fyuzi inalinda waya. Ukiweka kubwa kinachofuata kuungua ni waya yenyewe, na inapita chini ya kapeti karibu na mafuta. Cha kufanya, toa ile fyuzi, mahali pake unga balbu ya wati 21 kwa vipande viwili vya waya, halafu zima au chomoa vitu vyote vinavyolishwa na hiyo fyuzi. Balbu inatakiwa isiwake. Sasa anza kutembea na fungu la waya taratibu, vuta, kunja, fungua mlango funga mlango, geuza usukani mpaka mwisho kila upande, tikisa pale waya zinapopita kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Ukigusa penye shoti balbu inawaka kwa nguvu zote, ukiachia inazimika, na hakuna kinachoungua kwa sababu balbu haipitishi zaidi ya zile ampia zake mbili kasoro, hata ukae nayo mchana kutwa. Mara nyingi sana nimekuta ni kwenye bawaba za mlango au za buti, waya zimekunjwa na kunyooshwa miaka yote hiyo mpaka ganda limepasuka, au pale kwenye ukuta ule mpira wa tundu umeoza na bati linaila waya kila injini ikitetemeka.

Hapo kwenye bawaba kuna na ugonjwa wa pili, shaba inakatika ndani na ganda la nje linabaki zima kabisa. Ukiishika kwa vidole uivute kidogo utaona ganda linanyooka kama mpira sehemu moja, waya yenye shaba ndani hainyooki. Hiyo ndo imekatika, kata uunge upya.

Tuje kwenye lile linalotisha watu zaidi, gari kuzima barabarani na kuwaka lenyewe baadaye. Shida hapa ni kwamba ukishapaki na kutoa mita kosa limeondoka. Kwa magari ya zamani yasiyo na kompyuta nyingi mimi napendekeza taa za ushahidi. Chukua balbu ndogo za wati 5, moja iunge kwenye waya ya moto ya pampu ya mafuta, nyingine kwenye pozitivu ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche za plagi), kila moja na fyuzi yake ndogo na ethi nzuri, zipitishe mpaka ndani uzibandike kwa tepu mahali abiria anapoziona, halafu mwende, dereva aangalie barabara na abiria aangalie taa. Injini ikizima abiria anakwambia ipi ilizimika kwanza. Zikizimika zote mbili pamoja, rudi nyuma kwenye swichi ya ufunguo au waya kuu inayolisha zote, ikizimika ya pampu peke yake una rilei ya pampu na soketi yake, zikibaki zote zinawaka basi moto ulikuwepo na unatafuta upande mwingine, ethi ya pampu, au vifaa vya cheche kama moduli na ile sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) ambayo ikipata joto inaweza kukatika ndani na ikipoa ikaunga tena. Ila tumieni balbu, siyo taa za LED, LED inawaka hata kwa moto hafifu uliopita kwenye ncha iliyooza na itawadanganya kama mita.

Na kama kosa limegoma kutokea, lilazimishe. Injini ikiwa inanguruma, gonga rilei moja moja kwa mpini wa bisibisi, manake solda za ndani zinapasuka nyufa ndogo ambazo huzioni bila lenzi. Puliza joto kwa drai ya nywele kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, usichome, joto tu la kawaida la injini. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye waya za plagi na soketi, ukianza chini kwenda juu, huku mwenzako anaangalia mita iliyowekwa kwenye kile kitufe cha kurekodi volti ya juu na ya chini kabisa. Mita nyingi siku hizi zina hicho kitufe na watu hawajawahi kukibonyeza, wakati ndo kinachokamata tukio la kufumba na kufumbua ambalo jicho halitaliona.

Ukipata soketi yenye matatizo angalia pini za kike. Zikiwa zimetanuka, pini ya kiume inaingia bila kushikwa, na hapo hata ukisafisha kwa dawa gani itarudia tena kwenye matuta. Chukua pini ya kiume ya saizi ile ile iliyo peke yake, iingize na kuichomoa kwa mkono kwenye kila tundu, utasikia kwa vidole ipi inabana na ipi imelegea. Iliyolegea itoe kwenye nyumba yake ubadilishe temino, ukiibana kwa koleo ya kawaida unapata siku mbili tatu za furaha basi.

Kuunga waya nako kuna ubishi mkubwa wa solda na kubana. Mimi nabana, kwa koleo lake maalum na temino ya saizi ya waya, halafu naifunika na mpira wa kusinyaa ule wenye gundi ndani. Solda inapanda kwenye nyuzi na kuifanya waya iwe ngumu kama fimbo kwa sentimita kadhaa, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoikata. Anayependa solda aitumie, lakini aishikize waya pande zote mbili isicheze. Tepu ya kawaida peke yake chini ya boneti siikubali, joto linaiyeyusha gundi inafunguka.

Tahadhari nazo ziandikwe. Ukitoa betri anza na negativu, ukifunga malizia nayo, spana ikigusa bodi wakati unafungua pozitivu hutasahau. Usipime wala kuchoma waya za eabegi, soketi zake mara nyingi ni za njano, ziache kabisa. Testa ya balbu usiiweke kwenye waya za kompyuta ya gari, zile zimetengenezwa kwa mkondo mdogo na balbu inaweza kuiua. Na usitoboe ganda la waya kwa sindano kila unapotaka kupima, kila tundu ni mlango wa maji, na mwakani utakuja kutafuta kosa ulilolitengeneza mwenyewe.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Msomaji akiandika gari lake linazima, kabla ya kumtajia kifaa mwambieni arudi na namba, betri inasoma ngapi gari likiwa limezimwa (ikijaa ni kama 12.6), ngapi injini ikinguruma (iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi), inapotea ngapi kati ya negativu ya betri na injini stata ikipigwa, na ngapi kati ya pozitivu ya betri na ile nati kubwa ya stata. Namba nne tu, mita ya bei ya chini kabisa inatosha, na nyingi ya zile barua zingepata jibu hapo hapo bila mtu kutoa pesa ya spea. Na mkiweza kuchora mchoro mmoja mkubwa unaoonyesha ncha mbili za mita zinavyowekwa kwenye waya moja huku taa imewashwa, chapisheni, kuna vijana kibao wanafufua magari peke yao bila fundi wa kuwaonyesha, wanausubiri.

Ni mimi msomaji wenu wa ukurasa wa magari.